Kurasa Mbili za Bwana Timazi

Mwajuma tulimzika Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri. Siku ya tatu, watu walipokwisha kupungua na masufuria makubwa yamekwisha kurudishwa kwa wenyewe, nilibaki ukumbini kwake na wajukuu zake wawili tukichambua mchele wa khitma. Mmoja akaniuliza, "Bibi, ni kweli zamani ulikuwa ukiandika mambo yako kwa Kiingereza ili bibi Mwajuma asiyasome?" Nikamwambia ni kweli. Akacheka, akasema bibi yake alikuwa akiwasimulia jinsi alivyokuwa akilichukua daftari langu, akiligeuza juu chini, na kusoma kwa sauti habari za mchumba niliyekuwa sinaye. Hilo nalo ni kweli. Lakini lipo jambo la mwaka ule tulilolijua wawili tu, Mwajuma na mie, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Nililinyamazia kwa ajili yake. Leo nalisema, maana haliwezi kumdhuru tena, na pia kwa sababu kila nikitazama nilikopita maishani, naona njia ilipinda pale, mwaka ule, Temeke, kwenye nyumba ya Mjomba Shomari.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule yetu ya bweni ilikuwa bara, safari ya treni ya siku mbili, na wasichana wa pwani hatukuzidi watatu. Kifua kilinishika huko kwenye baridi, nikawa nakohoa mpaka wenzangu wa bwenini wanahama vitanda. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo, akaamua nirudi nyumbani kwa Mjomba, nipumzike mwaka mzima. Akanipa madaftari manne, akaniagiza niandike kila siku kwa Kiingereza nisije nikakisahau. Bado ninayo mawili. Ukurasa wa kwanza unasema: leo nimekula mayai mawili, hakuna aliyenisemesha, nimefurahi. Ndivyo nilivyokuwa. Mgeni akibisha hodi nilikuwa napita mlango wa uani nikajifiche jikoni, na nikiulizwa jambo mbele za watu masikio yalinipata moto. Haya yangu watu waliisifu wakidhani ni adabu. Mie nilijua kuwa ni woga.

Mjomba Shomari alikuwa fundi mwashi. Aliwajengea watu nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa mjini, mwenyewe akilala kwenye nyumba ya udongo na makuti, na mkewe Bi Tatu hakumwacha akasahau. "Mganga hajigangi," alikuwa akisema kila mvua inapovuja, akisogeza beseni. Temeke ya siku hizo ilikuwa mikorosho, minazi na vijia vya mchanga unaozama mguu. Mwingereza alikuwa bado yupo, na hakuna aliyedhani ataondoka karibuni. Chumba nilicholala na Mwajuma, binti yao, kilikuwa cha mbele. Dirisha lake lilitazama kibaraza cha nje, nasi tulilifunika kwa kanga iliyopauka. Mjomba akizungumza na wageni wake kibarazani, sisi tunasikia kila neno, hata sauti ya kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Bi Tatu aliniuguza kwa chakula. Asubuhi uji wa mtama, saa nne maziwa yenye asali na tangawizi, mchana wali au bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, na katikati ya hayo mayai mabichi niliyoyameza nimefumba macho. "Kifua hakipendi tumbo tupu," aliniambia, akisimama pale mpaka nimalize.

Mzungu yule alikuja mara ya kwanza mwezi wa tatu, mvua zikianza. Alikuwa Mskoti, mwajiriwa wa serikali katika mambo ya ujenzi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Jina lake lilitushinda, lakini mfukoni hakukosa timazi, ile risasi ya uzi wanayopimia mafundi unyoofu wa ukuta, na alikuwa na tabia ya kuining'iniza popote alipo, hata kwenye nguzo za nyumba ya mtu. Mafundi wakamwita Bwana Timazi. Siku ile aliing'iniza kwenye nguzo ya kibaraza cha Mjomba, akaitazama, akasema, "Hii mbaya."

"Najua," Mjomba akajibu. "Mke wangu ananiambia kila siku. Karibu kitako."

Akakaa. Nyuma ya kanga Mwajuma alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake asicheke. Bwana Timazi akatoa picha ya nyumba moja ya mawe ya mjini kwao, na kwa Kiswahili chake kisicho na mwanzo wala mwisho wa neno akaeleza kuwa serikali inataka nyumba ya baraza huku kwetu, mahali pa wazee kukutana na mashauri kusikilizwa, na kwamba yeye hataki lile banda la bati linalojengwa kila mahali. Alitaka nyumba ya mawe kama ile ya mji wao. Mjomba akaishika picha muda mrefu.

"Ngazi iko nje," alisema.

"Ndiyo. Ngazi kaa nje."

"Mvua ikinyesha wazee si watateleza?"

"Kwetu mvua siku zote. Wazee hapana teleza."

"Basi wazee wenu wana kucha."

Mzungu alicheka kweli, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, na nadhani urafiki wao ulianzia hapo. Tangu siku hiyo alikuja karibu kila juma. Alikunywa kahawa, alikula kashata za Bi Tatu, na walichora ardhini kwa kijiti. Ilipofika mwezi wa nne akaja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kurasa kumi na moja alizopiga taipu mwenyewe, historia ya nyumba ile ya kwao, na alitaka iwekwe kwa Kiswahili kizuri, isomwe mbele ya watu kabla ya msingi kuchimbwa, ili wajue wanajengewa nini na wakikubali wakubali kwa kujua. Yeye alijua kuwa Kiswahili chake ni cha kuagizia mawe tu. Nikamsikia Mjomba akisema, "Nina mtoto wa dada yangu humu ndani, Kiingereza kwake maji ya kunywa." Mwajuma akanifinya. Mie nilikuwa nimeshaanza kukohoa, na safari ile sikuwa naumwa.

Kazi ile ilinichukua wiki tatu, na sijui kama nimewahi kuwa na wiki nyingine tamu kama hizo. Nilikaa chini ya dirisha, kurasa kwenye mkeka, na nyumba ile ya mawe ya kijivu ikawa inainuka chumbani mwetu. Bwana Timazi aliandika vizuri kuliko alivyosema. Aliandika kuta zake zilivyokuwa nene, kiasi kwamba mtoto akijilaza dirishani miguu haitokezi nje. Paa lilikuwa la mteremko mkali, theluji isikae. Chini palikuwa na matao, na ndani ya matao wakulima walipimia shayiri na sufu kwenye mizani ya mji, ili muuzaji na mnunuzi wasidhulumiane. Ngazi ilipanda kwa nje mpaka ukumbi wa juu, ambao boriti zake zilikuwa zimechorwa maua na ndege ambao hawapo nchi ile, kwani mchoraji alikuwa amewasikia tu. Juu zaidi ulikuwa mnara na kengele. Nyumba hiyo iliungua mara moja, mnara ukaanguka barabarani, na watu wa mji wakatoka kila nyumba na jiwe lao, maskini na tajiri, wakaujenga tena. Ndiyo maana hata leo mawe ya mnara hayafanani rangi. Hapo niliandika mara tano kabla ya kuridhika. Nilimsomea Mwajuma, aliyekuwa akishona mkeka pembeni yangu, naye akaacha kushona.

"Kila mtu na jiwe lake," akarudia. "Hata wajane?"

"Hata wajane."

"Hapo pazuri. Soma tena."

Baada ya hapo zilifuata kurasa mbili, ya nane na ya tisa. Zilieleza kuwa nyuma ya matao palikuwa na korokoroni, chumba cha mawe kisicho na dirisha ila upenyo mmoja juu ya kimo cha mtu, na humo waliwekwa wezi, wadaiwa, wanawake waliosingiziwa uchawi, na watu waliokuwa hawajahukumiwa bado. Mlangoni palikuwa na pete ya chuma ya kufungia shingo, mfungwa asimame hapo siku ya soko watu wamwone. Bwana Timazi hakuyaficha hayo. Aliandika hata jina la mwanamke mmoja aliyefia ndani kwa baridi. Na mwishoni mwa ukurasa wa tisa aliandika, kwa maneno ya wazi kabisa, kwamba nyumba ya Temeke nayo itakuwa na chumba kama hicho chini, kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa kutoka juu. Nilizitafsiri zote mbili. Nilimsomea Mwajuma kama nilivyomsomea zile nyingine. Akakunja uso.

"Hapa toa," alisema. "Panatia ukiwa. Ulikuwa unakwenda vizuri, mara watu wanakufa kwa baridi."

"Lakini ndivyo alivyoandika."

"Nani atajua? Anayejua Kiingereza hapa ni nani zaidi yako?"

Naungama kuwa hakunilazimisha. Alisema lililokuwa tayari moyoni mwangu. Nilikuwa nimeipenda kazi yangu. Nilikuwa nimepata mwendo wake, sentensi zimeshikana mikono kutoka matao mpaka mnara, na kurasa zile mbili zilikuwa kama mtu aliyeingia harusini na nguo za msiba. Tena niliona haya: habari ile ingesomwa na Jumbe, mkubwa wetu wa mtaa, mbele ya Mjomba, na sikutaka neno baya litoke kwenye mkono wangu siku ambayo yeye ana furaha. Nikazikunja, nikazitia kwenye daftari. Mahali pake niliandika kuwa nyuma ya matao palikuwa na vyumba vya kuhifadhia. Katika kumbukumbu za siku hiyo nimekuta mstari mmoja tu: nimeziacha mbili, inasomeka vizuri zaidi.

Sasa sharti nimtaje Bi Mwanakheri. Alikuwa jirani yetu, kizee mfupi mwenye meno mekundu ya tambuu, na kiwanja kilichotakiwa kujengwa kilikuwa chake, urithi wa babake, chenye minazi saba. Serikali ingeweza kukichukua bila kumwuliza, lakini Bwana Timazi hakutaka hivyo na Jumbe aliogopa ulimi wake. Kwa hiyo siku ya mkutano alikuja, akaketi mbele kabisa ya wanawake, kifuko cha tambuu mapajani. Jumbe akasoma. Alikuwa msomaji mzuri, mtu wa kasida, na alipofika mahali pa watu kutoka na mawe yao wazee walikuwa wakitikisa vichwa. Nilikaa nyuma nimejifunika kanga mpaka puani, moyo unanidunda kwa fahari. Alipomaliza watu walipiga makofi. Kisha Bi Mwanakheri akanyanyuka.

"Nimesikia," alisema. "Nyumba ya mizani na kengele, mie sina ugomvi nayo. Lakini babangu alitiwa ndani bomani zama za Mdachi, kwa neno hata hakulijua, tukaitwa kuchukua maiti. Kiwanja hiki ni chake. Nakitoa, ila isiwe nyumba ya kuliza watu. Nani ananipa neno lake?"

Jumbe akamtazama Bwana Timazi, na Bwana Timazi, ambaye nadhani hakufahamu hata nusu, akamtazama Mjomba. Mjomba akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

"Mie ndiye mwashi, Bibi," akasema. "Jiwe haliingii pale bila mkono wangu. Nakupa neno langu."

Nilimtafuta Mwajuma kwa macho. Alikuwa anatazama mchanga.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na vidonda viwili kifuani. Nilijiambia kwamba Bwana Timazi atabadili ramani. Nilijiambia watu wazima wanajua, labda Mjomba anajua, labda ndivyo mambo yanavyofanywa. Mtu mwenye haya ana bahati mbaya moja, kwamba kila siku anayonyamaza inaifanya kesho iwe ngumu zaidi, na mie nilinyamaza miezi minne. Huku nyumba ikipanda. Walichoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, chokaa ikazimwa kwa maji shimoni na kuachwa ilale, na Mjomba akawa anakwenda kuichungulia kama mtu mwenye mgonjwa. Matao yakasimama. Boriti za mikoko zikaja kutoka Rufiji, na juu yake ikamwagwa sakafu ya kokoto na chokaa, ambayo kwa desturi ya pwani haiachwi ikauke hivihivi; hupigwa kwa fimbo mpaka iwe ngumu kama kaure. Wanawake wa Temeke tulikwenda kuipiga, siku tatu, safu mbili tukitazamana, tukiimba, fimbo zikishuka pamoja. Bi Mwanakheri alikuja na yeye. Akapiga amekaa, kwa sababu ya magoti, na akawa anatusuta tulipokosea pigo. "Nyie wasichana wa shule mikono yenu ya kushikia karatasi tu," aliniambia. Mwajuma akanitazama. Niliendelea kupiga.

Siku moja ya mwezi wa nane Mjomba aliniita pale kazini. Alikuwa ameitandaza ramani juu ya gunia. Mjomba alisoma Kurani na aliisoma michoro kuliko Mzungu, lakini maandishi ya Kiingereza hakuyajua. Aliweka kidole chake chenye nyufa za chokaa juu ya chumba cha nyuma ya matao.

"Nisomee hapa, mama. Pameandikwaje?"

Palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto wa darasa la nne angeweza kusoma.

"Stoo," nikasema.

"Stoo." Akakunja ramani. "Haya, nenda, jua kali, kifua hicho."

Alikuwa na kawaida yake, nayo mafundi wote walimcheka kwayo: hawezi kuweka fremu ya mlango mpaka ajue ndani kitakaa nini. Chumba cha mtu, alisema, kinataka mlango unaofunguka kwa ndani ili mwenyewe atoke kwa heshima. Chumba cha nafaka kinataka kizingiti kilichoinuka panya wasiingie. Aliwahi kumwacha tajiri mmoja wa Kihindi siku mbili bila mlango kwa sababu hakumwambia. Kwa hiyo milango ilipoletwa kutoka mjini kwa gari la serikali, ule wa stoo ulimkalisha kitako. Niliyasikia haya Ijumaa moja, baada ya swala. Alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, mbele yake wali wa nazi na mchuzi wa changu, nami nimepiga magoti namnawisha kwa birika.

"Mlango umekuja una tundu," akasema, mikono yake chini ya maji. "Katikati. Tundu dogo, lina kifuniko kwa nje. Dirisha nimeambiwa niliweke juu ya kichwa changu. Tangu lini magunia ya mpunga yanachunguliwa?"

Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni mwa uani, akasema, "Labda wanaogopa wezi."

"Mwizi huchunguliwa akiwa ndani?" Hakumtazama Bi Tatu. Alikuwa ananitazama mie. "Mwana. Pale pameandikwa nini?"

Maji yalikuwa yamejaa bakuli na yanamwagikia mkeka, na sikuinua birika. Nikamwambia. Nilimwambia na habari ya kurasa zile mbili, na neno nililoliweka mahali pake, na kwamba nilijua tangu mwezi wa nne. Sikumtaja Mwajuma. Alikuwa nyuma ya mama yake, ameshika sahani ya pilipili. Mjomba akafuta mikono yake taratibu kwenye msuli aliovaa. Akala. Alikula tonge nne au tano, na nyumba nzima ikisikiliza anavyotafuna.

"Kesho utavaa vizuri," alisema hatimaye, "ufuatane nami."

Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani miaka thelathini na kitu baada ya hapo, na mawakili vijana walikuwa wakinicheka kwamba siachi kitu, hata shahidi akikohoa nitamwambia hakimu kuwa shahidi amekohoa. Wakinicheka nilikuwa nikikumbuka asubuhi ile. Jumbe alikuwepo, ameitwa na Mjomba. Bwana Timazi alikuwa pale kazini, juu ya jukwaa la mafundi. Akashuka, akatabasamu aliponiona. Mjomba akamweleza kwamba neno lake kwa Bi Mwanakheri limevunjika. Mzungu hakuelewa. Alisema watu walisomewa, watu walipiga makofi, yeye aliandika yote. Akamgeukia Jumbe, "Wewe soma mbele ya watu wote," na Jumbe, mtu mzima, mwenye kilemba, akaanza kujitetea kuwa alisoma alichopewa. Hapo Mjomba akaniambia, "Waeleze."

Nilianza kwa Kiingereza. Kilikuwa rahisi kidogo, kwa sababu ndani ya Kiingereza changu hamkuwa na mjomba wala jirani, ni lugha ya darasani. Nilisema ni mimi niliyeziacha. Kisha nikasema tena kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichonitoa jasho, kwa sababu kila neno lilikuwa na mtu wangu. Jumbe alishusha pumzi na kutikisa kichwa. Bwana Timazi akavua kofia.

"Kwa nini?" aliniuliza.

"Niliona haipendezi."

Alikaa juu ya mfuko wa saruji. Alisema, na mie nikamtafsiria Mjomba, kwamba kule kwao chumba kile siku hizi wanawekea viti vya sherehe, hajafungwa mtu mle tangu babu yake hajazaliwa. Mjomba akauliza, basi kwa nini unakijenga hapa. Nikalitafsiri hilo kama lilivyo. Mzungu akajibu. Alisema ameagizwa, na kwamba alipoagizwa alifurahi, kwa sababu alijua nyumba moja duniani yenye mizani na ukumbi na korokoroni, nayo ilikuwa ya kwao. Hakufikiri mbele ya hapo. Alisema ataandika barua. Aliiandika kweli, na jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la mistari mitatu, kwamba chumba kitabaki.

"Mwambie ukumbi wa juu nitamaliza," Mjomba akasema siku jibu lilipokuja, "maana sakafu ile wamepiga wanawake wa hapa kwa mikono yao. Chini sitii mkono." Wakaletwa mafundi wawili kutoka mjini, wasiomjua mtu Temeke, na kwa siku nne wakaweka mlango wenye tundu. Mjomba hakupata tena kazi ya serikali. Sikumsikia akinilaumu, wala hakuniita tena kumsomea kitu; barua zikija alimpelekea mwalimu wa shule ya Chang'ombe, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Bi Tatu aliendelea kunipa mayai. Mwajuma alilala amenigeuzia mgongo siku nyingi, na usingizini hakuwa, nilimsikia. Siku moja tukifua akasema bila kuinua uso, "Ungenitaja." Nikamwambia kalamu ilikuwa yangu. Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Kabla Mjomba hajaenda mwenyewe kwa Bi Mwanakheri, siku ileile ya Jumamosi tuliyokwenda kwa Bwana Timazi, alinitanguliza. Hakunifuata. Nilimkuta kizee amekaa ukumbini kwake, anakata tambuu kwa kisu kidogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitaka nikae. Nilijaribu kusema yale niliyokwisha kuyasema asubuhi mara mbili, nikakuta yamekwisha. Basi nikatoa kurasa zangu mbili kwenye daftari. Nilimwambia, "Bibi, hizi nazo zilikuwa za kusomwa."

"Soma," alisema.

Nikasoma. Nilisoma juu ya upenyo uliozidi kimo cha mtu, na pete ya chuma, na siku ya soko. Mkono wake ulikoma kukata. Nilisoma jina la yule mwanamke aliyekufa kwa baridi, nalisoma vibaya, nikarudia. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa tisa, pale paliposema kuwa na ya Temeke itakuwa hivyo, sikuruka neno. Nje mbuzi wake walikuwa wakigombania maganda ya muhogo.

"Yangesomwa haya siku ile," alisema, "ningekataa."

"Najua, Bibi."

"Wangekichukua vilevile. Lakini ningekuwa nimekataa." Akaliweka jani la tambuu chini bila kulikunja. "Yule mwanamke. Hukumaliza habari zake. Alifanya nini?"

Nikamwambia haijaandikwa.

"Hebu rudia pale alipo," akasema, akasogea karibu, sikio lake la kulia mbele. "Polepole."